Mrejesho: vikao 8 vya ushauri nasaha kwa mashambulio ya hofu hapa Mbeya

Wapendwa habari za siku. Wapo walioniomba mrejesho tangu kipindi kile naulizia mtaalamu wa saikolojia hapa Mbeya mjini wa kunisaidia na mashambulio ya hofu, ile paniki inayokuja ghafla, nikawa kimya, haikuwa dharau, nilitaka nimalize kwanza vikao vyote ndo niongee maana ukisifia kitu cha siku mbili unaweza ukawapoteza wenzio. Sasa nimemaliza vikao 8, imechukua kama miezi mitatu hivi, na wiki iliyopita nimeenda Dar na kurudi kwa basi, kwahiyo naongea kitu nilichopita mwenyewe.

Huduma yenyewe ni ushauri nasaha wa ana kwa ana. Ni mama wa makamo, amesomea saikolojia, ana ofisi ya chumba kimoja maeneo ya Forest, ghorofani juu ya maduka. Jina lake na namba siweki hapa sababu sijamuomba ruhusa, mwenye shida ya kweli anitafute pembeni ntamuunganisha. Kikao kimoja elfu 30, dakika 50, ila kile cha kwanza kilifika saa moja na nusu na hakuongeza hata mia.

Kilichonipeleka sasa. Mi nauza viatu vya kike Mwanjelwa, fremu ndogo tu, mzigo nafuata mwenyewe Kariakoo kila baada ya wiki tano sita. Mwaka jana mwezi wa 11 tumetoka Mbeya alfajiri, tumefika mlima Kitonga kule Iringa jua kali, lori limekufa kwenye kona, mbele foleni nyuma foleni, mnaopajua mnajua, upande huu ukuta wa mlima upande wa pili korongo, basi limezimwa na hewa hakuna. Hapo ndo moyo ukaanza. Sio kudunda kwa kawaida, ulikuwa unapiga mpaka nauona unatikisa kitenge, mikono ikaanza ganzi, midomo inawasha kama nimekula pilipili, pumzi haishuki na nikijitahidi kuivuta ndo inazidi kukataa, watu nikawa nawaona kama wako mbali nyuma ya kioo, na kichwani kuna neno moja tu, leo nakufa hapa Kitonga na wanangu wako Mbeya. Nikamwambia konda nifungulie nishuke, konda ananiambia dada utashukia wapi hapa. Mama mmoja wa Kinyakyusa siti ya pembeni akanishika mkono, hakuuliza kitu, akawa ananipepea na khanga yake tu mpaka likapita, namkumbuka mpaka leo, ndaga fijo, asante sana mama popote ulipo. Lori lilivutwa, basi likaondoka, na tulipofika pale Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu nilikuwa nimeshatulia lakini mwili kama nimelima heka nzima peke yangu.

Niliporudi nikaenda hospitali moja, wakanipima presha, sukari, wingi wa damu, na kile kipimo cha umeme wa moyo wanakubandika nyaya kifuani, vyote safi. Naambiwa huna kitu, nenda nyumbani kapumzike. Sasa nilikasirika na mpaka leo naona walinikosea, maana majibu mazuri ni jambo la kumshukuru Mungu kabisa, lakini mtu amekaribia kufa mbele za watu halafu unamwambia hana kitu bila kumwambia basi kilichompata kinaitwaje, unamrudisha nyumbani na hofu mbili, ile ya kwanza na hii mpya kwamba nina ugonjwa ambao hata vipimo havioni.

Ikarudi. Ikanikuta dukani, ikanikuta kanisani katikati ya kwaya, afu ikanikuta usiku nimelala fofofo, naamka moyo unaenda mbio sijaota hata ndoto mbaya, hiyo ya usiku ndo ilinivunja kabisa. Nikaanza kukwepa. Costa sipandi, natembea au nachukua bajaji niko peke yangu, foleni ya benki namtuma kijana, kwaya nikaacha nikasema koo linauma. Kariakoo nikawa naagiza kwa simu, nikatumiwa viatu namba 36 katoni nzima wakati wateja wangu ni 38, 39, mtaji ukakaa pale chini unaniangalia. Ndugu wakaanza, huu ni mkono wa mtu, kuna mtu anaionea wivu fremu yako, nikapelekwa kwenye maombezi na kiukweli maombi yalinipa amani, siyakatai na sitayaacha, ila nikitoka pale nje nikiiona costa imejaa mwili unaanza palepale. Jirani mwema kabisa akanipa vidonge vya valiamu, dawa ya kutuliza hofu, alivyobakiza mama yake. Nikameza viwili kwa siku tofauti, kimoja kikabaki, nikakifunga kwenye pochi, na hicho kidonge nitakirudia.

Kilichonifanya nimuamini huyu mshauri ni swali lake la kwanza. Hakuniuliza nina mawazo gani, aliomba makaratasi ya hospitali. Akayasoma yote, akaniuliza na tezi ya shingo umepimwa, nikasema hapana, akanirudisha nikapime kwanza, akasema tezi ikizidisha kazi moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka na jasho linatoka hivohivo, upungufu wa damu nao unaweza, mapigo ya moyo yenye hitilafu nayo yanaweza, hawezi kumfundisha mtu kukaa na hofu wakati mwili wake una kitu kinachotaka dawa. Nikapima, salama, ndo tukaanza. Kama we unasoma hapa na hujawahi kupimwa, kifua kinauma, usijitibu kwa maandishi yangu, nenda kapime.

Kikao cha pili akachora duara kwenye karatasi. Hapa niliandika kila kitu kwenye daftari maana kwa mara ya kwanza nilikuwa naelezwa. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili, moyo unakimbia ili damu ifike miguuni upate kukimbia, pumzi inaongezeka, jasho linatoka la kupoza, tumbo linasimama kazi. Hiyo ni mali yetu tuliyozaliwa nayo, bila hiyo mtu asingeruka bodaboda ikimjia ovyo pale Kabwe. Shida inaanza pale ambapo mwili umewaka bila hatari, afu we unauangalia mwili wako mwenyewe unasema huu moyo unasimama, hii pumzi inakata, na ile tafsiri yenyewe ndo inakuwa hatari mpya, adrenalini inamwagwa tena, moyo unaongeza, unazidi kuamini unakufa, duara linazunguka. Akaniambia hilo duara aliliandika mwanasaikolojia wa Uingereza anaitwa David Clark mwaka 1986 na mpaka leo ndo msingi wa wanavyotibu hii kitu. Akasema shambulio huwa linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi halafu linashuka lenyewe hata usipofanya kitu, mwili hauwezi kukaa pale juu siku nzima. Nikahesabu mashambulio yangu yote kichwani, kweli hakuna hata moja lililozidi nusu saa, na mi nilikuwa naamini kilichoniokoa ni maji niliyokunywa au simu niliyompigia kaka.

Akatoa mfano wa mbwa. Una mbwa wa ulinzi, mzuri, lakini anabweka hata kwa paka, anabweka hata wewe mwenyewe ukirudi usiku. Ukimpiga kwa kubweka anakuwa mwoga zaidi na anabweka zaidi. Unachofanya unasimama getini unamwacha abweke mpaka akunuse akujue. Sikuelewa siku ile, nimeelewa kikao cha tatu.

Kikao cha tatu ndo hela yangu yote ilipolipika, hata angenichaji mara mbili. Tumekaa, ananiambia mama Neema leo tutapumua haraka, mimi na wewe pamoja, kwa mdomo, nguvu kama umekimbia, dakika moja. Nikamwambia sitaki. Nilimwambia kabisa dada yangu mi nimekuja hapa ili hii kitu iondoke we unataka uniletee ofisini. Hakunilazimisha, akaanza yeye mwenyewe mbele yangu, mama mzima anahema pale kwenye kiti, alipomaliza akanionyesha vidole vyake akasema sahivi vina ganzi, midomo inawasha, kichwa chepesi, nikamwangalia nikaona huyu mtu anayataja yangu yale ya Kitonga moja baada ya jingine. Nikakubali. Sekunde ya 40 hivi vidole vikaanza, kisha midomo, ileile, pilipili ileile, chumba kikaenda mbali kilekile. Nikalia. Sio kwa hofu, nililia sababu miezi yote ile nilijua kile kitu kinatoka sehemu nisiyoijua, mkono wa mtu, moyo mbovu, sijui nini, na kumbe naweza kukitengeneza mwenyewe nimekaa kwenye kiti cha plastiki Forest kwa kuhema tu.

Akaeleza tukiwa tumetulia. Ukihema kuliko mwili unavyohitaji unatoa kabonidayoksaidi nyingi sana, ikipungua kwenye damu mishipa inayopeleka damu kichwani inasinyaa kidogo ndo kizunguzungu na vitu kuonekana mbali, na neva za vidole na midomo zinakuwa nyepesi kushtuka ndo ile ganzi na kuwashwa. Na ile hisia ya kukosa hewa inakuja wakati hewa unayo nyingi kupita kiasi, ndo maana ukivuta zaidi inazidi. Na kuzimia je, nikamuuliza, maana nilikuwa naogopa kuanguka mbele za watu sketi inipande. Akasema mtu akizimia mara nyingi ni presha imeshuka ghafla, kwenye paniki moyo unaenda mbio na presha huwa inapanda kidogo, kwahiyo kuzimia hapo ni nadra. Mimi sijazimia hata siku moja kweli.

Pumzi alinifundisha, kuvuta kwa pua taratibu hesabu 4, kutoa hesabu 6, tumbo ndo linyanyuke sio mabega. Ila akanionya kitu ambacho sijakisikia kwingine kokote, kwamba nisiitumie kama fimbo ya kufukuzia. Ukipumua huku unachungulia je imeondoka, bado, je imeondoka, bado, umesharudi kwenye duara. Unapumua ili usiongeze kuni, moto wenyewe unauacha uishe. Na ile ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi wanayofanya watu akasema siku hizi haishauriwi maana kama mtu ana pumu au shida ya moyo kweli unaweza kumdhuru.

Kikao cha nne kiliniudhi, nasema ukweli. Aliniambia nimwage pochi mezani. Chupa ya maji, pipi za mnanaa, limao la kunusa, chaja ya simu ya ziada ili nisikose kumpata kaka, na kile kidonge cha valiamu kimefungwa kwenye tishu kimeshakuwa unga unga. Akaniuliza ukivuka shambulio unampa nani sifa. Nikakaa kimya. Hivyo vitu vyote vilikuwa vinanifundisha kwamba bila wao ningekufa. Tukaanza kuviacha kimoja kimoja, tukianza na kidonge, na akanieleza kwamba valiamu na jamii yake mwili unaizoea haraka, sio ya kupeana majirani, lakini zipo dawa nyingine za kutibu hii hali kama sertralini na fluoksetini, daktari ndo anaandika, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na mtu anayezihitaji asione aibu hata kidogo. Yeye haandiki dawa, angeona nahitaji angenipeleka kwa daktari. Mimi tulimaliza bila dawa, mwingine atamaliza nazo, sawa tu. Kahawa pia tuliongea, mi asubuhi za mwezi wa 6 na baridi ile ya hapa kwetu nafungua fremu na vikombe vitatu vya kahawa ya Mbozi, nikapunguza kikawa kimoja, mapigo yakatulia kiasi, ila hiyo ni pembeni tu.

Baada ya hapo ni ngazi. Tuliandika vitu ninavyoogopa kuanzia kidogo mpaka kikubwa, kila kimoja nakipa namba kutoka 0 mpaka 100. Kupanda ngazi za ofisi yake mbio moyo ukimbie, 20. Kuzunguka palepale nimesimama mpaka kizunguzungu, 30. Costa mpaka Mafiat asubuhi ikiwa tupu, 35. Costa imejaa saa 11 jioni mpaka Uyole nimekaa siti ya nyuma kabisa, 60, na hii alipanda na mimi, mshauri mzima na mkoba wake kabanwa pale nyuma na magunia ya viazi, hakunishika mkono wala kunipigisha stori, alikuwa ananiuliza tu namba, sasa hivi ngapi, 75, sasa hivi, 75, sasa hivi, 60, tulipofika Uyole 30. Sheria ni moja, hushuki wakati hofu iko juu, maana ukishuka pale mwili unaandika kwamba kushuka ndo kumekuokoa. Unakaa mpaka ishuke hata nusu. Nikaenda Chimala na kurudi peke yangu. Nikaenda Makambako. Makambako nilishindwa mara ya kwanza, nilishukia Igawa, nikakaa pale barabarani nikanunua mahindi ya kuchoma nikarudi Mbeya nimejichukia, na kikao kilichofuata hakunilaumu wala hakunipa pole nyingi, aliniuliza tu namba ilikuwa ngapi uliposhuka, basi wiki hii tunakaa dakika 5 zaidi ya pale.

Mapungufu sasa maana hakuna huduma isiyokuwa nayo. Muda. Mara tatu kati ya nane nimesubiri zaidi ya nusu saa, na mtu mwenye hofu kumkalisha kwenye benchi koridoni sio kitu kidogo, nilimwambia na aliomba radhi lakini ikarudia. Chini kuna saluni wanapiga muziki mpaka sakafu inatetemeka, siku nyingine mnaongea mambo ya ndani kabisa inabidi upaze sauti. Karatasi zake za mazoezi ya nyumbani nyingi ni za Kiingereza, mi nilisoma kidogo naelewa, ila mama zangu wa sokoni wenye shida hiihii wangezisoma vipi? Nilimwandikia moja kwa Kiswahili kwenye daftari nikampa, akaipiga picha, natumaini anaitumia. Jioni hafanyi kazi, Jumamosi nusu siku, kwa mfanyabiashara ni kufunga duka. Na bei, vikao 8 ni laki mbili na elfu 40, bima yangu pale haikutumika, najua kuna mtu anasoma hapa na hiyo hela ni ada ya mtoto.

Kwa asiyeweza hiyo bei, Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapahapa Mbeya ina huduma ya afya ya akili, naomba neno akili lisikutishe. Mi nilichelewa miezi mitano kutafuta msaada sababu ya hilo neno, nilikuwa naona nikitaja tu naambiwa napelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na mama yangu mzazi alisema hivohivo, mwanangu usiende watakuandika kichaa. Nimemchukua kikao cha sita tukaenda naye, akachorewa duara, akanyamaza muda mrefu halafu akasema hiki kitu nilikuwa nacho mimi baada ya baba yenu kufariki, nikadhani ni moyo. Tangu siku hiyo ananiuliza namba, leo ngapi mwanangu.

Kitonga wiki iliyopita. Sitaki kumdanganya mtu, ilikuja. Kuanzia Ilula mikono ilikuwa na jasho, tulipoanza kushuka moyo ukaondoka, na malori yalikuwa yamejipanga mbele kwahiyo tunasimama tunatembea tunasimama. Nikafika 80. Pochi ina hela na simu tu. Nilichofanya ni kile nilichofundishwa, nikaacha mgongo ukae kwenye siti, nikajiambia huyu ni mbwa, nikaangalia zile kona na lile korongo badala ya kufumba macho, ganzi ikaja nikaisalimia, na ile sentensi ya kufa ikaja pia, nikaiona inapita kama mabango ya barabarani. Iliposhuka nilikuwa sijaona imeshuka saa ngapi, nimestukia naangalia wanaouza vitunguu najiuliza bei. Nimerudi na mzigo wangu nimeuchagua kwa mkono wangu, 38 na 39.

Sahivi bado nina siku mbaya. Mwezi huu imenijia mara moja, benki, ikakaa dakika chache ikaenda na nikaweka hela yangu nikatoka. Kama unataka mtu wa kukuondolea siku moja hii huduma utaiona mbovu, maana kazi kubwa unaifanya mwenyewe huko kwenye costa, na usipofanya mazoezi ya nyumbani bora usipoteze elfu 30 zako. Kama uko tayari, mimi nampa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeishikilia kwa ajili ya kuchelewa na zile karatasi.

Ukienda beba majibu yako ya hospitali na daftari, piga simu asubuhi uhakikishe yupo, na omba kikao cha saa 3 asubuhi kabla saluni haijafungulia muziki.